Shajara ya mradi: kuitafuta maina ya asili ndani ya wimbo wa nyanya

Jumamosi, 5 Julai

Nimeanza leo. Nataka kuuandika kwa noti wimbo ambao nyanya humwimbia mtoto wa dadangu akimlaza, kisha niupige kwenye kinanda bila kuuharibu. Nyanya ameshapita miaka 80. Wimbo aliupokea kwa mamake, na sijapata kumsikia mtu mwingine akiuimba, si hapa Kibokoni, Mombasa, wala kwingine. Akiondoka nao, basi.

Nimemrekodi kwa simu, dakika 2 na sekunde 40, feni ikivuma nyuma yake na muuza kahawa akigonga vikombe vyake njiani. Sauti yasikika vizuri hata hivyo. Jioni nikaketi na kinanda changu cha vitufe 61 nikaanza kupapasa. Mimi hupiga kwa kusikia tu, na karibu nyimbo zote nizijuazo ni za meja, ile do-re-mi ya kawaida, kwa hiyo nilianzia C (vitufe vyeupe huitwa kwa herufi, A hadi G) nikapanda kama nilivyozoea. Nyanya alikuwa uani anachambua mchele. Hakugeuka.

"Huo si wangu," akasema. "Huo wa skuli."

Alisema kweli. Sauti ya tatu ilikuwa juu mno. Nikaishusha kwa nusu toni, kutoka E hadi E flati, kitufe cheusi kilicho kushoto kwake, na papo hapo wimbo ukageuka uso ukafanana na wake, ingawa mbele kidogo ulikwama tena. Kwa hiyo niko kwenye maina, mpangilio ambao sauti yake ya tatu iko chini kuliko ya meja. Mwalimu wa kwaya anayekaa jirani aliwahi kuniambia kuwa maina ziko tatu: ya asili, ya hamoniki na ya melodiki. Nitaanza na ya asili, kwa sababu hizo nyingine mbili zimetokana nayo.

Jumapili, 6 Julai

Leo sikuugusa wimbo. Nimehesabu vitufe.

Kutoka kitufe kimoja hadi kinachokifuata, kiwe cheupe au cheusi, ni nusu toni. Ukiruka kimoja ni toni nzima. Kutoka A hadi A ya juu yake kuna nusu toni 12, na skeli ni namna ya kuzigawa hizo 12 kwa hatua saba. Meja huzigawa hivi: 2-2-1-2-2-2-1. Maina ya asili huzigawa hivi: 2-1-2-2-1-2-2. Jumla ni ile ile, kilichohama ni mahali pa zile hatua fupi mbili. Katika meja zimekaa kati ya sauti ya tatu na ya nne, na kati ya ya saba na nyumbani, yaani sauti ya kuanzia na kuishia. Katika maina ya asili zimekaa kati ya ya pili na ya tatu, na kati ya ya tano na ya sita.

Nimezipanga C zote mbili kwenye karatasi, moja chini ya nyingine. C meja: C, D, E, F, G, A, B. C maina ya asili: C, D, E flati, F, G, A flati, B flati. Sauti tatu tu zimeshuka, ya tatu, ya sita na ya saba. Jana nilishusha moja nikadhani nimemaliza, ndiyo maana wimbo ulikwama mbele.

Njia nyepesi ya kuipata bila kitufe cheusi hata kimoja ni kuanzia A: A, B, C, D, E, F, G, A. Kati ya B na C hakuna kitufe cheusi, wala kati ya E na F, na hizo ndizo nusu toni mbili zenyewe. Nikaipiga hivyo kutwa nzima na bado sikio langu lilisikia C meja iliyoanzwa mahali pasipo pake. Vidole vilikuwa kwenye maina, kichwa kilikuwa bado kwenye meja.

Dawa niliipata baada ya Alasiri. Nilibadilisha sauti ya kinanda iwe ya ogani, ambayo haififii, nikakunja kipande cha karata ngumu, nikakichomeka pembeni ya kitufe cha A ya chini ili kibaki kimebonyea. A ikawa inalia muda wote kama injini ya mashua iko mbali. Juu yake nikagusa sauti moja moja kwa mkono wa kulia, taratibu, kila moja pumzi mbili tatu. Hapo ndipo nilipoelewa. C juu ya A inayolia si ile C ya nyumbani niliyoizoea. Ni sauti ya tatu, ina kivuli. F imelalia E, yaona tabu kukaa na yataka kushuka. Na G, toni nzima chini ya A, haina haraka. Yaweza kurudi nyumbani au isirudi, na zote mbili ni sawa kwake.

Ukitaka kuijua skeli hii, usiipige kwa kupanda na kushuka mbio. Washa sauti ya nyumbani kwanza uiache ilie.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa mwalimu wa kwaya na daftari. Yeye alijifunza muziki kwa solfa, herufi d, r, m, f, s, l, t, na mpaka leo huandikia kwaya yake hivyo, na vidokezo vyake na mistari yake ya mapigo. Ni mfumo uliojengwa Uingereza katika karne ya 19: Sarah Glover wa Norwich aliuanzisha, John Curwen akaukuza na kuueneza, na wamisionari wakaja nao Afrika kwa sababu ulifundishika haraka na haukuhitaji ala.

"Wewe unahesabu vitufe," akaniambia. "Sisi hatukuwa na kinanda. Niimbie do hadi do." Nikaimba. "Sasa usianzie do. Anzia la iliyo chini yake, uishie la." Nikaimba: la, ti, do, re, mi, fa, so, la. Akanyamaza kidogo. "Hiyo ndiyo maina ya asili. Umeijua tangu utoto, ila hujawahi kukaa ndani yake."

Kwa hiyo kila meja ina mwenzake wa maina anayetumia sauti zile zile saba, na nyumba ya huyo mwenzake ni sauti ya sita ya meja. Au toka do shuka nusu toni 3. C meja mwenzake ni A maina. G meja ni E maina, yenye shapu (sauti iliyopandishwa nusu toni) moja, F. F meja ni D maina, yenye flati moja, B. E flati meja ni C maina, yenye flati 3. Ukiona karatasi ya noti ina shapu moja mwanzoni, alama peke yake haikuambii kama ni G meja au E maina. Angalia wimbo unatua wapi.

Mwalimu alisikiliza rekodi mara tatu, jicho limefungwa, kidole kikipiga goti. Kisha akaandika solfa ya ubeti wa kwanza bila kugusa kinanda. Wimbo waanzia mi, washuka re, do, ti, hadi la. Wapanda tena mpaka fa, wagusa fa mara moja tu na kurudi mi. Na kila mshororo wafungwa kwa sauti tatu: la, so, la. Alichora mstari chini ya hiyo so.

"Hii ndiyo ya kuangalia," akasema. "Wengi wataipandisha."

Jumamosi, 12 Julai

Nimetengeneza ubao. Nilitaka kuziona hizi hatua kwa macho na kuzipima kwa rula, kwa sababu kwenye kinanda vitufe vyote vyeupe vina upana mmoja na jicho halipati habari yoyote.

Seremala wa mtaa wa nyuma alinipa kipande cha ubao cha sentimita 75 kilichobaki kwenye kitanda alichokuwa akikitengeneza. Nikatia skrubu yenye kichwa cha pete upande mmoja na msumari upande wa pili, nikafunga mshipi wa kuvulia, ule mnene wa samaki wakubwa, nikaukaza kwa kuizungusha skrubu. Nikaweka vijiti viwili vya kuuinua mshipi, umbali wa milimita 600 kamili kati yao. Ubao nikaulaza juu ya debe tupu la biskuti ili upate sauti. Kwa vituo vya vidole nilitumia vijiti vya mishikaki, nimevikata sawa na upana wa ubao na kuvibandika kwa gundi ya mbao.

Kwa programu ya simu ya kupimia sauti niliukaza mshipi mpaka mitetemo 220 kwa sekunde, yaani A iliyo oktava moja, nusu toni 12, chini ya ile A ya 440 inayotumika sana duniani kusawazisha ala. Ukibonyeza katikati kabisa, milimita 300, nusu ya mshipi hulia 440. Hiyo ilitoka barabara, nikafurahi.

Kosa nilikuwa nimeshalifanya. Nilifikiri hivi: oktava imo ndani ya milimita 300, nusu toni ni 12, basi kila moja ni milimita 25. Nikaweka vijiti vya maina ya asili kwenye 50, 75, 125, 175, 200, 250 na 300. Gundi ikashika. Nikacharaza.

Mwanzo sawa, mwisho sawa, katikati yote hovyo. Kijiti cha 125, ambacho nilikitaka kitoe D, sauti ya nne, kilitoa C shapu, sauti ya tatu ya meja! Kijiti cha 175 kilichotakiwa kutoa E kilitoa D shapu, sauti isiyokuwamo kwenye skeli kabisa. Nyanya alichungulia mlangoni akauliza kama nimemkaba paka.

Usiku nimekaa na kalamu mpaka nikaelewa. Sikio halijumlishi urefu, huzidisha. Kila nusu toni huzidisha idadi ya mitetemo kwa namba moja, ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara 12 unapata 2. Ni 1.0595 hivi. Kwa hiyo mshipi haukatwi milimita 25 kila hatua. Urefu unaobaki hugawanywa kwa 1.0595, kisha kinachobaki hugawanywa tena, na tena. Hatua za karibu na skrubu ni ndefu na zile za mbele zaenda zikifupika.

Jumapili, 13 Julai

Nimevibandua vyote kwa kisu na maji moto. Vipimo vipya, kutoka kijiti cha mwanzo:

B kwenye 65.5, C kwenye 95.5, D kwenye 150.5, E kwenye 199.5, F kwenye 222, G kwenye 263.3, A kwenye 300.

Jambo la pili nililojifunza kwa mikono: vijiti vya mishikaki ni vinene, na kama mshipi uko juu mno, kubonyeza kwenyewe kunauvuta na sauti inapanda. Nimevipiga msasa upande wa juu, nikashusha vijiti vya kuinulia, sasa mshipi wakaribia kugusa. Sauti zimetulia.

Na sasa naiona. Nafasi kati ya kijiti na kijiti ni 65.5, 30, 55, 49, 22.5, 41.3, 36.7. Pana, nyembamba, pana, pana, nyembamba, pana, pana. Mtoto wa jirani wa miaka tisa aliweka kidole kwenye zile nyembamba mbili bila kuambiwa, akasema hapa na hapa vimesongamana. Hiyo 2-1-2-2-1-2-2 niliyoikariri wiki nzima iko mbele ya macho kwenye ubao, na kidole kinaijua gizani.

Jumatano, 16 Julai

Stima imepotea tangu Magharibi. Kinanda kimya. Nimepiga ubao tu, na mshumaa. Ubeti wa kwanza wote waenda.

Jumamosi, 19 Julai

Ami alikuja na udi wake, ile ala ya nyuzi. Ni wa kizazi kilichokua kikimsikiliza Zein l'Abdin, fundi wa udi mzaliwa wa Lamu aliyefanya maisha yake hapa Mombasa, na mikono yake yaonyesha. Nilimwonyesha ubao, akaugusa kwa heshima akasema umeshiba, mtu hawezi kukosea hapa. Udi hauna vijiti. Kidole ndicho kinachojua mahali, na ndiyo maana udi wafika sauti ambazo kinanda hakina. Akanipigia Rasti kisha Bayati, maqamu (mipangilio ya sauti) za muziki wa Kiarabu, nami nikajaribu kumfuata kwenye kinanda nikashindwa, kwa sababu ndani yake mna hatua za robo tatu ya toni, katikati ya kitufe na kitufe. Nikamwambia sitafuti hizo leo.

"Unayoitafuta jina lake ni Nahawandi," akasema.

Jina limetoka kwa mji wa Nahavand ulioko Iran. Akaipiga kuanzia C: C, D, E flati, F, G. Sauti tano za mwanzo ni zile zile za maina ya asili, hatua kwa hatua. Kisha akasimama kwenye G akaniambia kwamba kutoka hapo Nahawandi ina milango miwili. Mmoja wapita A flati, B flati, C. Huo kipande chake cha juu huitwa Kurdi. Wa pili wapita A flati, B, C, na kipande hicho ni Hijazi. Akavipiga vyote viwili polepole.

Nikaruka. Mlango wa kwanza ni maina yangu ya asili kamili. Wa pili una sauti ya saba iliyopandishwa, kwa hiyo ni ile ya hamoniki, na kati ya A flati na B kuna nusu toni 3, pengo kubwa, ambalo ndilo linaloifanya Hijazi inukie hivyo. Mwalimu wa kwaya na ami hawajawahi kuketi pamoja, na kila mmoja kwa njia yake amenifikisha kwenye sauti ya saba.

Ami akaomba aisikie rekodi, kisha akaupiga wimbo wa nyanya kwa udi. Mzuri, jamani. Nywele zilinisimama. Ila alipofika mwisho wa mshororo vidole vyake vikaenda vilivyozoea, akaipandisha ya saba, akarudi nyumbani kwa nusu toni.

Nyanya alikuwa kwenye mkeka na mtoto kifuani. "Hapo sipo," akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapo mwisho. Mbona wapanda? Mamangu hakupanda hapo. Teremka, kisha uje nyumbani."

Ami akarudia, mara hii kwa B flati. C, B flati, C. Nyanya akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kumpapasa mtoto mgongo.

Ile so aliyoipigia mstari mwalimu ndiyo hii. Ikipandishwa, nusu toni chini ya nyumbani, inasukuma. Msikilizaji anajua tunarudi kabla hatujarudi, na anarudishwa kwa nguvu. Ikiachwa chini, toni nzima, mshororo unatua bila kusukumwa. Kwa wimbo wa kumlaza mtoto naona haiwezi kuwa vingine. Hapo hutaki kumshtua mtu.

Nataka pia kuandika hapa kwamba ule usemi wa meja ni furaha na maina ni huzuni sikubaliani nao. Ami alipiga Nahawandi ya harusini ambayo watu huamkia kucheza, na nyanya hana huzuni yoyote anapomwimbia kitukuu chake. Mwendo wa wimbo, mapigo na maneno yana neno kubwa zaidi hapo.

Alhamisi, 24 Julai

Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Nimezijenga kwa kuruka sauti moja moja za skeli, kuanzia kila sauti. Katika A maina ya asili zinatoka A maina, B iliyopunguzwa, C meja, D maina, E maina, F meja na G meja. Hiyo ya B ina tabu zake na wimbo huu hauihitaji.

Niliwasha mapigo ya kinanda yanayojipiga yenyewe ili nisikie, na kila nilipobonyeza kodi ya tano kwa mazoea ya mkono niliweka E meja, ambayo ndani yake mna G shapu. Juu ya G ya nyanya zikagongana vibaya sana. Waandishi wengi huipandisha ya saba kwa sababu hii hii: wanataka kodi ya tano iwe meja ili ivute kuelekea nyumbani. Na wanapoona pengo la nusu toni 3 kati ya F na G shapu linawapa tabu waimbaji, huipandisha na F pia wakati wa kupanda, kisha huziteremsha zote mbili wakati wa kushuka. Hiyo ndiyo ya melodiki. Kwa hiyo hata wao wakishuka hurudi kwenye ya asili.

Nimezima mapigo. Nimejaribu kufunga mshororo kwa E maina kisha A maina: laini, karibu haisikiki kama imefunga. Kisha G meja kwenda A maina: nzito kidogo, lakini G ya nyanya inakaa chini kabisa ya kodi, imara. Nimechagua hiyo kwa beti mbili za kwanza, na E maina kwa ubeti wa mwisho, mtoto akiwa ameshalala.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimegundua kwamba muda wote huu nimekuwa nikimlazimisha nyanya kuimba kwenye A kwa sababu A ni rahisi kwangu. Kwenye rekodi ya kwanza, alipoimba peke yake, nyumbani kwake ni karibu mitetemo 185 kwa sekunde, yaani F shapu. Ni sauti yake ya miaka 80, imeshuka, na ndiyo anayoistarehea.

F shapu maina ya asili: F shapu, G shapu, A, B, C shapu, D, E. Mwenzake ni A meja, shapu 3. Kwenye kinanda vidole vilichanganyikiwa mchana kutwa, kwa sababu ramani ya vyeupe na vyeusi imebadilika yote. Kuna kidude cha kushusha kinanda kizima nusu toni 3 na ningeweza kukitumia. Sikukitumia. Nataka vidole vyangu vizihesabu hizo hatua vikiwa na nyumba nyingine: 2-1-2-2-1-2-2, kuanzia kitufe cheusi.

Kwenye ubao nililegeza skrubu kidogo, mshipi ukashuka hadi 185, nikapiga. Kila kijiti kilikuwa mahali pake. Sikuhamisha hata kimoja. Nilikaa nikauangalia ule ubao kwa muda. Vipimo nilivyovipigia hesabu kwa ajili ya A si vya A hata kidogo. Ni vya uhusiano wa sauti na nyumba yake, popote nyumba itakapokuwa. Niliyasoma hayo tangu siku ya pili, lakini kuyasikia kwenye mshipi wa kuvulia ni jambo jingine.

Jumapili, 3 Agosti

Nimempigia nyanya wimbo wote kwa F shapu, kwanza kinanda, kisha ubao. Kwenye kinanda alikubali, akaimba nami ubeti mmoja. Baadaye akaniambia, "Waimba vyema. Ila pale mwanzo unaposhuka, mara ya pili, pako baridi."

Mara ya pili ni do, sauti ya tatu. Nikaipima kwenye rekodi kwa programu ya simu: yake iko juu kidogo ya kitufe changu, kila anapoifikia kwa kutulia. Si makosa ya uzee, kwa sababu sauti nyingine zake zimekaa sawa. Ya tatu ya kinanda ni nusu toni 3 zilizolinganishwa ili zifae kila nyumba. Ya tatu ndogo safi, ambapo mitetemo ya nyumbani ikiwa 5 yake ni 6, iko juu ya hiyo kwa karibu sehemu 16 kati ya 100 za nusu toni. Kinanda hakina namna ya kuifikia. Udi wafika, koo lafika.

Ubao nao wafika. Kwa mshipi wa milimita 600, uwiano wa 6 kwa 5 waangukia kwenye milimita 100 barabara. Kijiti changu kiko 95.5. Nimekibandua kwa kisu, nimekisogeza milimita 4 na nusu, nimekibandika na kukiwekea kitabu kizito juu. Gundi yataka mpaka kesho asubuhi, na nyanya ameshaniuliza mara mbili kama imekauka.